Mbao za Watu wa Kibati

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa Jumapili ya jua kali, na sisi wa korali tulikuwa tumepangwa mistari miwili mbele ya mlango wa kanisa jipya, hapa hapa Katoyi, mtaani kwetu Goma, wote tumevaa vitenge vya aina moja. Mimi nilikuwa sauti ya pili. Sisemi kwamba nilikuwa naimba vizuri. Nasema nilikuwa sauti ya pili. Na kama unaniona nimekunja uso kabla hata sijaanza, nivumilie. Habari hii sijawahi kuisimulia nikicheka.

Naisimulia leo kwa sababu nimewasikia. Watu wa huko juu wamekimbia vita tena, nyumba zao ziko tupu tena, na nyinyi vijana mnaegemea chukudu zenu za mbao, hizo za kusukuma mizigo, kando ya barabara mkiambiana kwamba wenyewe wameshaondoka, vitu vitaoza tu, afadhali tuchukue sisi kuliko askari. Nilipita na kikapu changu cha majani ya sombe, mkanyamaza ghafla, mkaniamkia kwa adabu zote. Sitaki salamu zenu. Maneno yale mliyokuwa mnayasema niliyasikia nikiwa msichana, neno kwa neno, na niliona yalivyoishia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa aliyevunjika hakuwa yule aliyekataa kusikia. Ndiyo sababu nina hasira.

Mwaka ule volkano ilikuwa imeshuka mjini. Nyinyi mmeona ile ya juzi, iliyochoka kabla ya kufika katikati ya mji. Ile yetu haikusimama mpaka ziwani. Ilimeza mitaa mizima, na kanisa letu dogo la zamani lilikuwa humo. Tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka tulikokimbilia, tulitembea juu ya mawe ambayo bado yalikuwa yanachoma nyayo kupitia viatu, tukitafuta mahali palipokuwa kwetu. Huko Kibati, juu ya mji kwenye mteremko wa volkano, lava ilipita kando. Iliunguza nyumba chache na kuziacha nyingi. Lakini watu wake walikuwa wamekwisha kukimbia, na walipotaka kupanda warudi makwao, wenye bunduki walikuwa wameingia. Ulikuwa wakati wa uasi, kila kilima na mkubwa wake. Basi watu wa Kibati wakabaki huku chini kwetu, ndani ya shitingi, zile plastiki nyeupe za msaada, na nyumba zao zikasimama tupu kule juu.

Wewe unajua tunavyojenga Goma: mbao juu ya mawe. Nyumba ya namna hiyo ina uzuri wake. Ukihama unaing'oa, unaipakia, unaenda kuipigilia misumari mahali pengine. Na ina ubaya wake, kwamba mtu mwingine anaweza kukuhamishia bila kukuuliza.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyesimamia ujenzi. Papa Paluku walimwita, mtu wa Butembo, muuzaji wa maharage. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo ingawa meno yananiuma nikisema. Kila alfajiri alituamsha atusomee Neno, na fundisho alilolipenda kuliko yote lilikuwa hili la Mkristo kulinda moyo wake. Alitulinda na pombe, alitulinda na nyumba za video, alitulinda na muziki wa baa, na sketi yangu moja aliichoma moto kabisa kwa sababu ilionyesha magoti. Magoti yenyewe yalikuwa membamba kama ya mbuzi, lakini tuyaache. Nilidhani hakuna moyo Goma nzima uliolindwa kama wa baba yangu.

Akatangaza kwamba kila familia ilete mbao kama matoleo, kanisa lisimame kabla ya mvua. Watu wenyewe walikuwa hawana hata ubao wa kitanda. Wiki iliyofuata mbao zikaanza kushuka. Vijana wetu walipanda na chukudu mpaka Kibati, wakashuka nazo kwa kasi kwenye ule mteremko, zimefungwa kamba, nyingine bado zina rangi, nyingine zina misumari iliyopinda. Sisi wa korali tulizipokea kwa nyimbo. Baba alisimama akaziombea.

Usiniambie hakuna aliyejua. Ubao hauoti ukiwa umepakwa rangi. Kila mtu alijua, ila kila mtu alikuwa na neno lake la kujifunika. Mmoja alisema zingeoza. Mwingine akasema askari wangezifanya kuni. Baba alisema kitu kikiingia katika kazi ya Mungu kimetakasika. Na jikoni kwetu, kwa sauti ya chini, nilisikia lililo baya kuliko yote, kwamba wale watu wa Kibati wanasema lugha moja na waasi, basi ni ndugu zao, na mtu wa namna hiyo huwezi kusema umemwibia. Mwanangu, tazama hapo. Mwizi ameketi kwenye kiti cha hakimu, na anayehukumiwa ni mtu aliyekimbia bunduki zile zile.

Siku moja ulishuka mlango. Ulikuwa wa kijani, na katikati mtu alikuwa amechora msalaba mweupe kwa mkono, haukunyooka sana. Baba alifurahi kama mtoto. Akauinua watu wauone, akasema Mungu ametuletea mlango wenye msalaba tayari, hata kazi ya kuchora ametuondolea. Watu wakapiga makofi. Ukawekwa mbele, ndio mlango wa kanisa.

Sasa nirudi kwenye Jumapili ile. Nyuma ya kanisa, ng'ambo ya ukuta wa mawe, alikuwa anakaa mama mmoja wa Kibati, Mama Uwimana, na watoto wake wawili. Mume wake alipotea katika kukimbia. Alikuwa anachotea watu maji ziwani ili ale. Siku ile alikuja kusali kama wengine, amejifunga kitenge kilichofuliwa mpaka maua yakaisha, na binti yake mdogo, Neema, akatangulia mbio. Neema alikuwa na umri wa miaka minne hivi. Akafika mlangoni, akaweka kiganja juu ya ule msalaba mweupe, akageuka na uso unaong'aa.

"Mama, tumefika kwetu."

Mama yake alimshika mkono akauondoa pale. "Nyamaza," akamwambia. "Hapa ni kwa Mungu."

Akaingia ameinamisha macho. Nilikuwa karibu nao kiasi kwamba ningeweza kuwagusa. Nilimwona alipopita akipitisha vidole kwenye ubao, mara moja tu, jinsi unavyogusa uso wa mgonjwa. Nikaacha kuimba, na sauti ya pili siku ile ilipungukiwa na mtu.

Mchana nilimwambia baba. Alikuwa anakula. Akaweka tonge chini, na mimi nilipomwangalia usoni nikaelewa kwamba sikuwa nimemwambia jambo jipya. Hakunikaripia, na laiti angenikaripia. Alisema kwa upole kwamba jambo hilo ni zito, litapelekwa kwenye kikao cha wazee, na haraka haraka haina baraka. Akaniomba nilinde ulimi wangu nisije nikaleta mgawanyiko katika nyumba ya Bwana. Hata hapo alipata kitu cha kulinda.

Kikao cha kwanza wazee hawakutimia. Cha pili wakasema kuna mgeni anakuja kutoka Butembo kuliona kanisa, si vizuri alikute halina mlango. Mgeni akaja, akala kuku, akasifu mlango, akaenda. Kisha mvua zikaanza, na baba akasema huwezi kubomoa kanisa wakati wa mvua, watu watalowa. Watu, maana yake sisi. Wale waliokuwa wanalowa kila usiku nyuma ya ukuta hakuwahesabu. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini Neema yalimwanzia kifuani. Tukiwa kwenye mazoezi ya korali, pakavu, tulimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta, na mwalimu wa korali akatuambia tuongeze sauti.

Nilikwenda kwa Koko Marta. Huyo alikuwa bibi mzee kuliko wote kanisani, mjane wa katekista wetu wa kwanza, mfupi, mkali, mwenye miguu iliyovimba. Nilimweleza yote nikilia. Alivaa viatu vyake akaenda kwa baba, na baada ya hapo akaenda tena na tena. Baba alimpa kiti kila mara, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa. Halafu hakufanya kitu. Kuna watu heshima yao ni ukuta, mwanangu. Unaweza kuugonga mpaka mkono uvimbe. Mimi nikawa napeleka uji kwa Neema. Uji. Mtoto anakosa nyumba yake, mimi nampelekea uji, na nikitoka pale nafsi yangu inaniambia kwamba nimefanya vizuri.

Neema alikufa katikati ya mvua zile.

Na hapo ndipo kanisa likawa na huruma. Waliokosa nafasi ya kikao miezi yote ile walikusanyika mara moja. Wakachanga chumvi, wakachanga sabuni, na baba akaamuru litengenezwe sanduku la mtoto kwa zile mbao zilizobaki kwenye ujenzi, zilizokuwa zimepangwa nyuma ya kanisa. Likatengenezwa. Tulikwenda naye makaburini, baba akaomba maombi marefu, akamwomba Mungu amfariji mama huyu aliyempoteza mtoto ugenini. Kisha Mama Uwimana akasogea mbele, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimu kwao, akasema, "Aksanti kwa kanisa, juu ya sanduku."

Mfuniko ulikuwa bado haujapigiliwa. Niliangalia ndani, upande wa miguu, na ubao ulikuwa wa kijani.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nakwenda kulia kwa sauti ambayo ingesikika mpaka Kibati, nimtaje baba yangu kwa jina mbele ya watu wote, nimwite alivyostahili kuitwa. Mkono ukanishika juu ya kiwiko, kucha zikaingia. Alikuwa Koko Marta.

"Siyo leo," akaninong'oneza. "Leo ni siku ya ule mama. Walimunyanganya nyumba, walimunyanganya na mutoto. Weye unataka kumunyanganya na kilio pia?"

Nikafunga kinywa. Alama za kucha zile zilikaa wiki nzima, na nilikuwa nazitazama.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa limetoka kidogo, tulisikia nyundo. Tulikimbia tukamkuta Koko Marta amesimama juu ya jiwe mbele ya kanisa, anang'oa misumari ya mlango. Nikachukua chuma nikaanza kumsaidia. Watu wakajaa, wengine wakamtukana, na baba akaja mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Koko," akamwambia, "uko unabomoa nyumba ya Mungu."

Koko Marta hakushuka. "Mungu hakukosaka nyumba, Paluku. Ni ule mutoto ndiye alikosaka."

Baba alisimama pale. Mimi namjua baba yangu. Alikuwa na jibu la Maandiko kwa kila jambo, na nilimwona akilitafuta. Kisha akakunja mikono ya shati, akapokea ile nyundo, na akaanza kung'oa mwenyewe, ubao baada ya ubao, bila kunitazama. Wazee wawili wakasaidia. Familia nyingine zilikasirika, zikaondoka, na mpaka leo zikikutana nasi sokoni zinatusalimu kwa mbali. Sawa. Wakae na salamu zao.

Tulipeleka mlango kwanza. Mama Uwimana alikuwa ameketi mbele ya shitingi yake, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba, na mtoto wake aliyebaki amelala mapajani. Baba ndiye aliyepaswa kusema. Akaanza kwamba tumekuja kuomba radhi, kwamba wakati ule wa vurugu hatukujua mbao zile ni za nani. Koko Marta akakohoa. Baba akaanza upya.

"Tulijua," akasema.

Mama yule alimwangalia bila haraka. Kisha akasema maneno ambayo nimetembea nayo maisha yangu yote.

"Na miye nilijuaka tangu siku ya kwanza. Ule musalaba niliuchora na mukono yangu. Nilikuwa nangoja museme wenyewe, sababu ningesema miye, mungesema niko wa waasi. Na sanduku nililijua vilevile. Nilisema aksanti sababu mutoto hawezi kuzikwa bila sanduku." Akamfunika mtoto vizuri. "Kusamehe, nitawasamehe. Lakini musiniombe leo."

Hakulia. Sisi ndio tuliolia, na yeye akatuangalia tu, kama mtu anayengoja wageni waondoke.

Mbao zake zilirudi zote zilizoweza kurudi. Tulimjengea kwanza pale pale, na barabara ilipofunguka vijana wakazipandisha Kibati, wakisukuma chukudu kwenye ule mlima walioushuka mbio wakicheka. Za wengine tulitafuta wenyewe. Baadhi tuliwapata, baadhi mpaka leo hatuwajui. Kanisa letu lilisali juani na mvuani kwa muda mrefu. Baba hakufundisha tena juu ya kulinda moyo. Wakimwomba, alisema watafute mtu mwingine.

Na mimi? Mimi nilimchukia baba yangu, mwanangu. Nakuambia bila kuficha, kwa sababu mficha uchi hazai. Nilimpikia, nilimfulia, nikamchukia. Mpaka siku Koko Marta aliponiita akaniuliza: ile hasira yako, inataka haki ya yule mama, au imeshaanza kutaka damu ya baba yako? Akaniambia kwamba baba yangu alianza vilevile, na kitu kizuri, kanisa, na ndani ya kitu hicho kizuri dhambi ikakaa bila kusumbuliwa. Basi na mimi nina hasira nzuri, niiangalie isije ikakaliwa. Sijaimaliza hasira hiyo. Nikimkumbuka Neema inapanda, kama leo. Lakini kila inapopanda naihoji kabla ya kuifungulia mdomo, na baba yangu alipougua mwishoni nilimwogesha miguu mpaka siku aliyokufa, na siku za mwisho nilikuwa namwogesha bila kuuma meno.

Basi sikia nasaha yangu, wewe unayesukuma chukudu na wewe unayengoja mzigo ufike.

Ulidhani kuulinda moyo ni kuepuka baa na wasichana. Hayo yaepuke, sikukatazi. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na dhambi iliyomuua mtoto yule ilivaa suti ya kanisa na kusema kwa upole. Ukijisikia unasema moyoni kwamba vitaoza tu, simama hapo hapo. Ukijisikia unasema wale si watu wetu, piga magoti, kwa maana umeshafika mbali. Na ukijua ukweli halafu ukasema tungoje kikao, tungoje mgeni, tungoje mvua ipite, ujue kwamba kuna mtu anakohoa wakati wewe unangoja. Moyo ukianza kutafuta sababu nzuri, tayari umeshachukua kitu cha mtu. Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta. Sisi tulibomoa ukuta tukiwa tumechelewa, na kuna kaburi dogo kule ambalo kubomoa kwetu hakukulifungua.

Kama uani kwenu kuna bati la mtu, au kitanda, au hata sufuria, kirudishe kesho asubuhi, mkono kwa mkono. Usiseme hukujua. Sema ulijua. Na usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo kana kwamba wewe ndiye unayemdai usingizi wako. Mwachie muda wake.

Sasa njoo nikuwekee mkono kichwani, maana nimekufokea vya kutosha. Mungu akupe moyo unaoona haya mapema, kabla jambo halijakua. Akupe kujenga kwa jasho lako, ulale chini ya bati lako mwenyewe, na mvua ikinyesha uwakumbuke walio nje. Vita vikikukuta akupe jirani wa kuitunza nyumba yako, na vikimkuta jirani yako akukute wewe ndiye jirani huyo. Nenda kwa amani. Amina.